Sauti ya Mama Sikuifuta

Kaka Faustini,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, maana wifi hunitumia picha zenu kutoka Dodoma na nimeona umenenepa. Nakuandikia hapa, mahali anapoweza kusoma yeyote, kwa sababu yale maneno yako uliyasema mbele za watu, na simu zangu siku hizi huzipokei.

Mimi na wewe hatukuwa ndugu wa kusalimiana Krismasi tu. Tulilala dungu moja, juu ya miti kule Michenga, tukiamia ndege kwenye mpunga wa mama, wewe na kombeo, mimi na debe la kupiga kelele. Mama alikuwa akiimba upande wa pili wa shamba ili tusisinzie. Akinyamaza kidogo tu, ulikuwa unaniambia, "Oliva, piga debe, mama amechoka." Hukutaka achoke. Hilo silisahau, na ndilo linaloniuma zaidi. Ungekuwa mtu asiyempenda mama, ningekuelewa haraka na ningeshakusahau.

Studio yetu pale Ifakara tuliianza na kamera moja na kompyuta ya mtumba. Unakumbuka harusi ya kule Mchombe, masika, barabara ya Mlimba imegeuka uji? Ulivua shati ukaifunikia kamera, ukaingia kanisani na singlendi. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Wateja walipoanza kutuletea flashi zenye virusi, kompyuta ikafa mara mbili, tukaamua kuweka Linux, mfumo usioshikwa na virusi vile. Hatukufundishwa na mtu. Wewe ulisoma kwenye simu, mimi nikaandika amri, tukikosea tunaanza upya. Tulinunua diski kubwa ya nje ya kuhifadhia kazi zote, tukaiunganisha na folda moja tuliyoiita Kazi. Ukifungua Kazi, unaona vilivyomo kwenye diski kubwa.

Siku moja waya wa diski ile ulilegea na kompyuta ikagoma kabisa kuwaka, na bwana harusi amesimama mlangoni anadai video yake. Tangu siku hiyo tukaielekeza mashine: diski kubwa isipoonekana, wewe waka tu, usitusubiri. Wewe ulisoma, mimi niliandika. Tukapigana mikono kwa furaha. Hatukujua tunachokitengeneza.

Kisha ule uvimbe ukamwota mama kooni. Daktari alitueleza bila kuzunguka: wataukata pamoja na sehemu inayotoa sauti, na baada ya hapo mama hataongea tena. Wewe ndiye uliyetoa wazo, na nitalisema daima, maana ni kweli. "Turekodi kila kitu kabla ya safari ya hospitali," uliniambia. Tukaenda Michenga na kamera. Mama akakaa kwenye mkeka na ungo wake, akaongea. Alieleza wazee wake walivyohama kutoka mtoni, akaimba nyimbo za kuamia ndege, akamtaja kila mtoto na kila mjukuu kwa jina, kwa Kindamba na kwa Kiswahili. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Kila jioni ulikuwa unarudi studio kuhamisha video kwenye kompyuta, na umeme wiki ile ulikuwa unakatika na kurudi kama mtu anayechezea swichi. Ulipoona faili zote zimo ndani ya Kazi, ukazisafisha kadi za kamera ili tuzitumie tena. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Ukampeleka mama Dar es Salaam kwa upasuaji. Mimi nikabaki na studio. Nilipiga harusi, nilipiga ubarikio, nikahifadhi kazi kama kawaida.

Uliporudi na mama, amefungwa bandeji shingoni, jambo la kwanza ulilofanya ni kufungua Kazi. Harusi zote zilikuwepo. Misiba ilikuwepo. Mama hakuwepo.

Tulitafuta kila mahali. Angalau nilidhani tumetafuta kila mahali. Tulitafuta kwa jina, tukatafuta kwa tarehe, tukaikagua diski kubwa ikatuambia ni nzima. Ukaweka ile programu ya kufufua vilivyofutwa, ikafanya kazi mchana kutwa, ikatutolea vipande vya harusi za watu: mkono unakata keki, kwaya bila sauti. Hata unywele wa mama haukuonekana. Ndipo ukageuza kiti ukanitazama.

"Ulibaki na mashine peke yako," ulisema.

"Sijafuta kitu, kaka."

"Vingekuwa vimefutwa tu, vingerudi. Havirudi kwa sababu umeandika harusi zako juu yake. Ulitaka nafasi."

"Kaka, ni mama yule. Nitafutaje?"

"Kwa hiyo nimefuta mimi?"

Kwa hesabu tulizozijua wote wawili, maneno yako yalisimama. Nilikaa nikijiuliza kama labda nilibonyeza kitu bila kujua. Nilikumbuka siku zote ulizokuwa Dar, moja moja, nikitafuta kosa langu. Silioni. Lakini nani angeniamini?

Kunishuku nilikusamehe palepale. Kosa lako ni kwenda kwa mama. Hakuwa na sauti, Faustini. Hakuweza kuuliza, wala kunitetea, wala kunigombeza. Ulisimama pembeni ya kitanda chake ukamwambia, "Oliva amefuta kila ulichosema." Mimi niko mlangoni na uji mkononi. Mama alinitazama. Halafu akageukia ukutani. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, sikufuta," akanipapasa kichwa kidogo, kama unavyompapasa mtoto aliyevunja chungu. Alinisamehe. Sikuhitaji kusamehewa, nilihitaji kuaminiwa. Akafa miezi michache baadaye, na ule msamaha nisiouhitaji akaondoka nao.

Msibani ukamalizia. Baba mkubwa alipoomba nisome historia ya marehemu, ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema, "Asisome huyo. Historia ya mama tulikuwa nayo kwa sauti ya mama mwenyewe, na huyu ndiye aliyeifuta ili apate nafasi ya harusi." Shangazi mmoja aliinuka kwenye mkeka niliokaa akahamia mkeka mwingine. Nilimzika mama nikiwa nimesimama nyuma ya majirani.

Baada ya arobaini ukahamia Dodoma. Ukachukua kamera na ile diski kubwa. "Hustahili kukaa nayo," ulisema. Sikubisha. Nikaifunika kompyuta kwa kitenge, nikaenda kulima mpunga na mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye peke yake hakuacha kunipigia hodi. Mwaka mzima sikuigusa ile mashine. Nilikuwa nikiiona tu ile taa yake ndogo kwenye mawazo.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Uchindile. Mumewe amefariki, na alitaka picha za harusi yao, tulizowahi kumpigia. Nilimwambia kazi zote ziko kwenye diski na diski haipo. Akakaa kwenye benchi akalia kimya kimya. Nikaona nijaribu, huenda kuna nakala kwenye kompyuta yenyewe. Mama mdogo alikuwa hapo, ametoka kliniki, anapumzika kabla ya kurudi Mchombe.

Kompyuta iliwaka ikalalamika kwamba nafasi yake ya ndani imejaa. Nikashangaa. Kazi zetu hazikuwa zikikaa ndani, na diski kubwa unayo wewe. Nikaiuliza ni folda gani imebeba mzigo. Ikanijibu: Kazi.

Kazi ilipaswa kuwa tupu, kaka. Nikaifungua. Picha za yule mama wa Uchindile hazikuwemo. Zilikuwemo video za Michenga, zote, kwa majina uliyoyaandika wewe mwenyewe.

Umeelewa tayari, najua. Umeme ulipokatika wiki ile na kurudi, mashine iliwaka bila kuiona diski kubwa, kama tulivyoielekeza. Folda ikabaki pale ikionekana ni ileile, nawe ukaweka video za mama ndani yake, kumbe zinaingia kwenye kompyuta yenyewe. Baadaye ilipowaka tena ikaiona diski, diski ikakaa juu ya folda ileile ikafunika kilichokuwa chini, kama mkeka unaotandikwa juu ya mwingine. Tulikuwa tukifufua maiti kwenye diski ambayo mama hakuwahi kuingia. Siku ulipoichukua kwa hasira, ulifunua. Mama alikuwa wazi, chini ya kitenge, mwaka mzima.

Nilibonyeza ya kwanza. Sauti ikatoka.

"Huyo ni dada," mama mdogo alisema. Akavua kanga ya kichwani akajifunika uso. "Mwanangu, huyo ni dada anaongea."

Mama wa Uchindile alikuja akasimama nyuma yetu, akasahau shida yake. Tulisikiliza mpaka jua likaingia mlangoni. Nilikupigia simu palepale. Siku ile ulipokea. Na unakumbuka ulichosema?

"Kumbe ulikuwa umezificha."

Nikakueleza kila hatua. Nikakutumia tarehe za faili, ambazo ni za jioni zako wewe, sio zangu. Nikadhani sasa nitalisikia neno la samahani. Ukasema, "Basi nitumie. Ya zamani tuyaache."

Ya zamani ni yapi, kaka? Kosa la mashine ni letu sote, hilo naliacha hata leo. Kwa umeme sikulaumu. Lakini mama alikufa akidhani binti yake alimfuta, na hilo hakuna programu ya kulirudisha. Nimelia nikachoka. Kilichobaki ni uchungu mkavu, nao nimezoea kulala nao.

Jumapili iliyopita mimi na mama mdogo tulikwenda Michenga na spika. Nikawasikilizisha ukoo. Baba mkubwa alisimama akiegemea fimbo, akasema, "Oliva, tulikukosea, na mimi nikiwa wa kwanza." Shangazi yule alikuja akakaa kwenye mkeka wangu. Wakaniuliza kama wakuite. Niliwaambia njia unaijua.

Kuna sehemu mama anakuzungumzia wewe kwa jina, kwa muda mrefu. Sijaikata wala sitaikata. Iko kwa mama mdogo, Mchombe, na utaisikia pale ukikaa naye, baada ya kusimama mbele ya watu walewale wa msibani na kuyafuta yale maneno yako. Kwenye simu haitakuja. Ukiniona huko tutasalimiana, kwa sababu nimelelewa. Zaidi ya salamu sikuahidi.

Ila sehemu ya wajukuu nimeshamtumia wifi tangu juzi. Watoto hawana kesi na mtu. Bibi yao anawaita mmoja mmoja, na yule mdogo, aliyekuwa bado tumboni na ambaye bibi hakuwahi kumwona, anamwimbia wimbo mzima. Wakiuliza anasema nini pale anapoingia Kindamba, usiwadanganye kwamba umesahau. Watafsirie.

Endelea salama na kazi zako.

Ni mimi,
Shangazi yao, Ifakara