Alipiga Mara Mbili

Mama mupendwa wa Butembo, jambo sana. Goma iko na vumbi nyeusi mpaka ndani ya bugali, lakini mutoto ameota jino.

Jana bwana yangu alipiga miziki yake ya klasike, gitare tu bila kuimba, katika sale ya paroasi, ule ukumbi wa kanisa. Alitafuta wanafunzi. Bila kupata hata mumoja, tungerudi kwako Butembo. Watu wakaongea tu, wakifikiri angali anapima nyuzi za gitare kama ziko sawa, mbele ya kuanza. Akamaliza, akainama.

Muzee mumoja akamuambia, “Sasa tuko tayari, papa. Anza.”

Akakaa, akapiga ileile tena. Sale yote ikanyamaza, mutoto akalala.

Kisha muzee akaleta mujukuu wake. “Mufundishe huyu. Lakini kupima nyuzi, muonyeshe njia ya kifupi.”

“Ndiyo, muzee.”

Mujukuu anaanza masomo Jumatatu. Tunabaki, Mama. Mutoto anakubusu na jino lake.

Binti yako