Bahati Bado Yuko Etaje ya Tatu

Papa,

Ulisema kweli! Kama ungekuwa hapa ungeniambia nikae kwanza, ninywe maji. Sikai. Leo mchana Bahati ameiokoa timu yake bila hata kugusa mpira, na mtu niliyetaka kumwambia wa kwanza ni wewe.

Ni miezi mitatu sasa tangu tukuzike. Darasa lako wamempa mwalimu kijana, wanafunzi wanasema ubaoni anaandika kama anaogopa kumaliza chaki. Tulipotoa matanga, wajomba waligawa vitu vyako: koti, redio, viatu vyeusi. Mlango wa kabati hakuuomba mtu, nikasema ni wangu. Mama anaendelea kuuza maharagwe sokoni, lakini nyumbani hasemi, Papa. Anasalimia, anauliza kama nimekula, basi. Jioni tunakaa wawili na nasikia bati likilia juu.

Orodha yetu iko palepale kwenye huo mlango, kwa chaki na mwandiko wako. Etaje tano kama nyumba ya ghorofa, na wachezaji wa basketi wote tunaowafuata, wa Amerika na wa Afrika, kila mmoja na etaje yake. Tunahesabu kutoka juu: etaje ya kwanza, juu kabisa, wale ambao timu inajengwa juu yao. Ya tano, chini kabisa, wale uliowaita wavaa jezi, na ulikuwa huwaonei huruma hata kidogo! Pointi hukuzijali. Ulikuwa unaniambia, "Angalia wenzake wanacheza namna gani akiwa ndani, kisha angalia akitoka." Na sheria ilikuwa moja tu: jina halipandi wala kushuka mpaka wote wawili tukubali. Kuna mwaka tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya Mfaransa mmoja.

Halafu Bahati, wa etaje ya tatu. Mtoto wa kule Munigi uliyemfundisha hesabu, aliyekuwa anacheza kwenye uwanja wetu wa Murara wenye mawe ya volkano, magoti yote yamechunika, na leo analipwa na klabu ya nje. Pale hospitali ulinishika mkono ukasema, "Kavira, pandisha Bahati kwa etaje ya pili." Nikacheka. Nikasema, "Papa, hiyo ni juu ya vile ulimufundisha. Mimi nakataa." Ukasema basi, tungoje. Siku nne baadaye ukaondoka. Ingenigharimu nini kusema ndiyo?

Sasa sikiliza. Nilinunua mega za intaneti, nikaegemeza simu kwenye termosi. Mama alikuwa pembeni anachagua mawe kwenye maharagwe, hainui kichwa. Robo ya tatu Bahati alipumzishwa kwa sababu ya foti nne, makosa ambayo yakifika tano mchezaji anatolewa, na pointi kumi na moja walizokuwa wanaongoza zikayeyuka zote. Akarudi, timu ikatulia. Zilibaki sekunde nane mechi iishe, wanaongoza kwa pointi moja, mpira wa wapinzani. Nao wana yule mrefu wao, yule tuliyemweka etaje ya kwanza bila hata kubishana. Kila mtu alijua mpira ni wake. Papa, Bahati alimganda! Kona hii, kona ile, kifua kwa kifua, mikono juu, hata hatazami mpira uko wapi. Mwenzake aliyekuwa anaingiza mpira kutoka nje ya mstari akamtafuta, akamtafuta, mwisho akampa mwingine, yule akarusha kwa haraka na mpira ukagonga chuma. Mechi imeisha! Bahati amemaliza na pointi nne, na mtangazaji hakumtaja jina hata mara moja.

Niliruka, sinia la maharagwe likamwagika. Sikuokota. Nilikimbilia mlango na chaki, machozi yananitoka, nikisema wewe ulishakubali, sasa na mimi nimekubali, tumekuwa wawili.

Nyuma yangu mama akasema, "Weka chaki chini."

Nikageuka. Akasema, "Kabati ni yangu, mulango nayo ni yangu. Sauti ya papa yako nimeiriti mimi. Na mimi nasema hapana."

Akaendelea, "Foti ine! Ya tano ingekuja, nani angemukamata ule murefu? Mutu wa etaje ya pili hawezi kukaa inje saa wenziwe wanamulilia. Papa yako alikuwa anamupenda sana ule mutoto, hakukuwa anaona."

Miaka yote hiyo, Papa, kumbe alikuwa anasikiliza! Tulibishana mpaka foufou ikapoa kwenye sahani. Alininyooshea kidole, aliniita kichwa ngumu, akacheka. Nimesikia sauti yake ikijaa nyumba, na mimi ndiye niliyesimama mahali pako kumtetea Bahati, kwa maneno yako yale niliyoyakataa.

Nisamehe kwa yale ya hospitali. Nakuahidi sitalipandisha hilo jina kwa siri. Nitabishana na mama kila mechi mpaka akubali mwenyewe, hata ikichukua mwaka. Pumzika vizuri, Papa yangu. Lazima niishie hapa, ananiita kutoka jikoni, anataka kujua Bahati atacheza tena saa ngapi Jumapili.

Mtoto wako,
Kavira