Droni Ndogo ya Kumnyoosha Fabi

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Julai unaoingia mpaka ndani ya soksi. Nimevaa koti juu ya koti na nina furaha ambayo si nzuri. Naiandika kabla haijapoa.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza: Fabi nilimfundisha mimi kushika kamera. Tulipiga harusi na komunyo za mji huu pamoja, mimi picha, yeye video, mpaka aliponunua droni kubwa ya kamera na kuondoka na wateja wetu wote. Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni kikao cha kamati ya harusi moja hapa mtaani kwetu Izia, aliposimama mbele ya watu na kusema, "Dada Sekunda tumwachie picha za kusimama. Vinavyoruka vinahitaji kichwa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Nilicheka! Hadi leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Tangu siku hiyo nimetaka kazi moja tu, harusi ya Koleta, mdogo wake Fabi, itakayofungwa mavuno yakishaingia ndani. Koleta aliniahidi hata kabla hajachumbiwa, lakini mwenye kauli ya mwisho kwenye nyumba ile ni mama yao. Fabi alishaihesabu kuwa ni yake. Nikaona hapo ndipo pa kumpigia: kwao, mbele ya shangazi zake, na kwa kitu kinachoruka ambacho yeye hakiwezi.

Droni yake inajishikilia yenyewe hewani. Ukiachia rimoti inakaa pale pale ikikusubiri. Hizi ninazozitaka mimi hazina huruma hiyo. Unavaa miwani mikubwa yenye kioo ndani yake, unaona kile ambacho droni inaona, kama vile umekaa ndani yake wewe mwenyewe. Ukizembea kidogo inaanguka. Lakini inapita chini ya meza, inapita dirishani, inapita mahali ambapo droni ya Fabi ingevunjika vipande.

Kwa hasira nilianza kutaka kubwa. Ile ya mapanga ya inchi tano, inayolia kama msumeno wa mbao. Nilitazama video zake mpaka bando likakata. Kisha nikajiuliza: hiki kisasi naenda kukilipizia wapi? Ukumbini, katikati ya watoto na keki. Kitu kile kikigusa kidole cha mtu, atakayenyooshwa ni mimi. Basi nikachukua kidroni kinachokaa kiganjani, mapanga yake yamezungushiwa ringi za plastiki, kikigonga ukuta kinadunda na kuendelea na safari. Ndicho wanachoshauriwa wote wanaoanza. Wengine wanafika hapo kwa busara, mimi nimefikishwa na chuki.

Rimoti niliinunua kabla ya kila kitu, tena kamili, si ile ya kuchezea inayokuja ndani ya boksi, kwa sababu droni zitavunjika na rimoti utabaki nayo. Nikaichomeka kwenye laptop yenye mchezo wa kujifunzia. Huko nimeanguka mpaka nikazoea, na kila nilipoanguka nilisema jina la Fabi.

Upande wa miwani kuna ya digitali, picha safi kama televisheni mpya, na kuna ya analogi, picha ina chenga. Nimechukua ya chenga. Bei ilinisukuma, sikatai, lakini ipo sababu nyingine: picha ya analogi inanaswa na kila mwenye kipokezi cha chaneli hiyo hiyo. Nikaongeza kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye simu, ili siku hiyo na watu wengine waone. Mnajua namtaka nani aone. Na betri nikanunua nyingi, maana moja inaisha kabla chai haijapoa, na Sumbawanga chai inapoa haraka. Kuna na mambo ya kibali cha kurusha, nayo yana foleni yake, nitayaandika nikitulia.

Vifaa nilichagua vizuri. Kosa nilifanya mahali pengine kabisa.

Wiki iliyopita, asubuhi moja tulivu, nilikuwa shambani kwetu. Mahindi yameshavunwa, mabua bado yamesimama. Nilikaa juu ya ndoo, miwani usoni, nikijifunza kupita kati ya bua na bua. Pembeni kuna njia ya kwenda kanisani, na Mama Fabi alikuwa anatoka misa. Kwake mimi ni mtoto wa nyumbani, nimekula ugali wake wa ulezi miaka mingi. Na kwetu Ufipa mtu mzima hapitwi hivi hivi. Unainuka, unainama kidogo, unatoa shikamoo, ndipo kila mtu anashika njia yake. Akasimama mbele yangu kusubiri shikamoo.

Mimi nilikuwa naona mabua tu. Kidroni kikanasa. Nikapaza sauti, "Toka hapo! Toka, mjinga mkubwa wee!"

Mama Fabi akaondoka.

Sikujua lolote mpaka Koleta aliponipigia simu. "Dada Seku, mama umemfanya nini? Anasema umemtazama usoni ukamfukuza kama mbwa." Jumuiya nzima ilikuwa imeshasikia. Watu walewale walionionea huruma kwa ajili ya Fabi sasa walikuwa wanasema kumbe kijana wa watu alikuwa na sababu ya kukimbia. Na Fabi, nimeambiwa, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nakijua kichwa kile. Nilikuwa na haki yote mkononi mwangu, nikaipoteza kwa ajili ya bua la mahindi, na harusi ya Koleta nayo ikaniponyoka.

Nilikasirika. Nilitaka kukipondaponda kile kidude kwa jiwe.

Leo baada ya misa nimekwenda kwake na mfuko wa sukari, na droni ndani ya kikapu. Nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, mama."

Aliutazama kwanza ule mfuko. "Marahaba. Leo umeniona?"

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ukweli wangu ulivyozidi kunuka uongo, hata mimi nilisikia. "Mtu mwenye macho mazima," akasema, "anajifunga macho mchana kweupe ili aone?" Nikaacha maneno. Nikamwomba akae kwenye kiti nyuma ya nyumba, ambako ukuta unakinga upepo, nikamvisha miwani, mimi nikatazama kwenye simu. Kwenye simu picha inachelewa kidogo, kwa hiyo nikainua taratibu sana.

"Yesu na Maria!" Mama akashika kiti kwa mikono miwili. "Seku, nishike, naanguka!"

"Umekaa, mama."

"Na lile bati lililotoboka vile ni la nani?"

"La kwako, mama. Hapo ni juu ya jiko."

"Fabi aliniambia ameshaliziba."

Nilishusha kidogo tu ili alione vizuri.

"Kwa hiyo siku ile hukuniona," akasema baadaye.

"Sikukuona, mama."

"Na yule mjinga mkubwa?"

"Ni hiki kidude."

Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani, akairudisha mwenyewe haraka, akaniambia niendelee. Ndipo geti likalia. Fabi huyo, ametoka kwenye kazi kule Matai, begi la droni yake kubwa begani.

"Shikamoo, mama."

"Subiri kwanza, Fabi, niko juu ya zizi."

Akasubiri. Alinitazama, akautazama mkono wangu kwenye rimoti, akamtazama mama yake aliyekuwa anainamisha kichwa kila tulipokata kona.

"Harusi ya Koleta nataka ipigwe hivi," Mama akasema. "Na atakayepiga ni huyu." Akanyoosha kidole. Lakini macho yake yalikuwa juu ya zizi, kwa hiyo kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kifua cha Fabi.

Uso wa Fabi ukafunguka wote. "Hakuna shida, mama. Na mimi nitaagiza kama hiyo."

"Wewe uagize ya nini? Nasema Seku. Wewe siku hiyo kaa na wageni." Kidole bado kinamwelekea yeye. "Na kesho uzibe lile bati."

Niliutazama ule uso ukijifunga, kuanzia mdomoni mpaka machoni. Ningeweza kutua. Ningeweza hata kuusogeza mkono wa mama kwa upole. Betri ilikuwa imebakiwa na uhai kidogo, nikaumaliza wote nikizunguka juu ya zizi, Fabi akiwa amesimama pale na begi lake.

Nilidhani nikifika nyumbani nitaona aibu. Nimeitafuta njia nzima mpaka Izia, sijaiona. Nimeona njaa tu, nikala vizuri.

Kuna jambo sikumwambia mama. Angani naweza, mlangoni bado. Kila nikijaribu kuingia chumbani kwangu nagonga fremu, nadunda, naangukia kwenye viatu. Ukumbi ule una milango yenye mapambo ya vitambaa kila upande. Kwa hiyo kesho, upepo ukiwa bado haujaanza, naanza na mlango wa jikoni, na nitaurudia mpaka nisiiguse fremu. Lazima nipite. Fabi atakuwa amekaa meza ya familia, suti mwilini, mikono mitupu, akiniombea nigonge.