Mto wa Mchanga Uliomchukua Mwanetu

...basi mbwa wenyewe wamevaa viatu, Baba Shabani. Hapo ndipo bando la Rehema lilipokata, nikabaki naita haloo, haloo, peke yangu kama kichaa, na wewe huko Bungu najua ulishaiweka simu dirishani ukarudi kwenye maharage yako. Viatu kabisa, vinne, vya kufunga kwa kamba. Ardhi ya huku ng'ambo mchana inachoma, mbwa akikanyaga anaungua nyayo, kwa hiyo mwenyewe anamvalisha ndio wanatoka kutembea. Nilicheka mpaka Rehema akaniambia, "Mama Shabani, cheka kwa siri, huyo ni jirani."

Haya, shikamoo mume wangu. Mdomo umetangulia, heshima imefuata nyuma, ndivyo nilivyo, wewe ulinioa unaniona. Kifua chako vipi? Kikohozi kimekuachia au bado unakificha kwa mama yako ili usinyweshwe ile midawa yake michungu? Ng'ombe amezaa? Mimi mwili ni mzima. Midomo ndiyo imepasuka kwa ukavu, na pua asubuhi inatoa damu kidogo, lakini Rehema kanipa mafuta napaka. Huku ukianika kanga, ukimaliza kubana ya mwisho ya kwanza imeshakauka. Hakuna umande. Hakuna ule ukungu wetu wa kukaa mlimani mpaka saa nne.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu wewe unaitikia "mm" tu, mimi nalia, halafu bando linaisha na neno lenyewe halijasemwa. Yuko binti wa Tanga anasafiri leo kwenda nyumbani, anapita hapa kuichukua barua, akifika Dar ataipakia kwenye basi la Korogwe. Naandika mwenyewe, na darasa langu la nne unalijua, kwa hiyo mwanetu Zuhura akikusomea akikwama asikisie, arudie pole pole.

Rehema huyu ninayekaa kwake ndiye yule Mdigo wa Kenya aliyekuwa akipika pamoja na Shabani wetu jikoni hotelini, ndiye aliyetupigia siku ile kutuambia mtoto kachukuliwa na maji na hajaonekana. Mtu mwema sana, ila hajui kupika bada, ugali wetu wa muhogo, nimemfundisha, bado inamtoka madonge. Kanipa chumba kizuri. Jirani yake upande wa kulia ni bibi mmoja wa Kizungu ambaye aliachana na mumewe, lakini mume kila Jumapili anarudi kumkatia majani uani, akimaliza anapewa juisi anaondoka. Nimemuuliza Rehema, "Sasa hao wameachana au wamepumzika?" Mimi nawachunguza dirishani, nitajua tu.

Mji wenyewe ni mdogo, Baba Shabani. Ukiutaja mji mtu anadhani magorofa. Ni barabara moja na nyumba za rangi ya udongo, halafu milima imeuzunguka pande zote, myekundu kama tofali la kuchoma, haina jani. Milima mitupu! Nilipofika nilidhani imeungua. Na watu wanatoka nchi zote kuja kuitazama. Wale wageni wanaopita Segera na magari yao, si wanakwenda kuona simba na tembo? Hawa wa huku wanakuja kuona mawe. Wanalipa getini, wanaingia hifadhini, wanapanda na fimbo mbili mikononi na maji mgongoni, hawaendi shamba, hawaendi kuni, hawaendi kwa mgonjwa. Wakifika juu wanapiga picha, wanateremka. Na Shabani naye alikuwa ameshaanza mchezo huo. Siku yake ya mapumziko anakwenda kutembea mawe. Mtoto aliyekuwa akitumwa dukani Bungu analalamika mlima!

Sasa nisogee kwenye neno lililonikalisha chini.

Najua hujaisahau ile siku ndugu yako Athumani alipoingia migombani na panga, wazee wameshakaa kwenye mkeka na mahali pa kaburi pameshapimwa pembeni ya babu zenu. Akaniambia kwa upole, sisemi aliniambia vibaya, "Shemeji, sisi kwetu mtu akipotelea mbali tunamzikia mgomba. Tunauvisha sanda, tunamlilia, anatulia. Asipozikwa anabaki anahangaika, na nyie mnabaki mnahangaika." Na mimi nikamjibu mbele za watu, "Athumani, mimi sikuzaa mgomba." Nikalikumbatia lile shina mpaka utomvu ukaniharibia gauni. Ndipo mama yako akasema, "Mwacheni Mzigua huyo. Hawa hawasikii mpaka waone." Watu wakacheka msibani. Hata mimi nilicheka, unajua, huku machozi yanatoka. Wenzake Shabani wa kazini walipotuma salamu kwamba wamechanga nauli, mzazi mmoja aende, wewe ukasema niende mimi, kwa sababu wewe ulishaamini na mimi bado. Ukaniambia, "Kaone. Neno lako ndilo tutakalolifuata." Mpaka leo kaburi hamjachimba, mnaningoja mimi, na najua wazee wanakusema.

Basi nimekwenda kuona.

Tulikwenda na Rehema na mzee mmoja, askari wa hifadhi, mwenye masharubu meupe kama pamba. Yeye na askari wenzake ndio waliokuwa wakimtafuta Shabani, kwa helikopta, kwa mbwa wa kunusa, na kwa miguu. Njia nzima mimi naongea. Nilikuwa nimejipanga. Nilisema nitakwenda mpaka kwenye huo mto, halafu nitaufuata kuteremka, nitauliza kila nyumba. Kwani kwetu Mto Lwengera ukimchukua mtu, si tunateremka nao tunauliza kijiji kwa kijiji? Anaonekana tu, mzima au si mzima, watu wamemvuta kando wamemfunika majani. Nikamwambia Rehema, "Muulize mto uko wapi, nianze." Akamuuliza. Yule mzee akaangalia chini, akanionyesha miguu yangu.

Nilikuwa nimesimama ndani yake. Mchanga mtupu. Mkavu, mwekundu, una nyayo za ndege. Na kuteremka huko hakuna nyumba hata moja, hakuna kijiji cha kuuliza, ni mawe mpaka macho yanachoka.

Mzee akaanza kueleza, kwamba siku ile mbingu ilikuwa nyeupe, jua linawaka, mvua ikanyesha mbali kule juu, huku bondeni hata tone. Rehema hajamaliza kutafsiri nimeshamshika mkono. Nikamwambia, "Acha. Hili nalijua." Mimi si mtoto wa Sindeni? Kwetu Handeni mito yote ni ya mchanga, tumekua tunafukua maji humo. Bibi yangu alikuwa anatuambia, ukiona milima ya Nguu imeweka giza, toka mtoni, hata kama juu yako jua linakuchoma. Mtoto wa Sindeni hata wa kunyonya analijua hilo.

Lakini Shabani si wa Sindeni, Baba Shabani. Shabani kakulia mlimani. Bungu mvua ikinyesha maji yanatukimbia, yanateremka kuwasumbua watu wa bonde, sisi mafuriko tunayasikia redioni. Mtoto wetu hajawahi kuwa yule wa chini. Aliangalia juu akaona kweupe, akaingia. Nani alikuwa na sababu ya kumwambia? Mimi niliyemwambia habari za watu wote wa Korogwe, nani kaoa nani, nani kamroga nani, hilo moja halikupata nafasi.

Tukaingia kwenye lile korongo lenyewe. Ni jembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kuta zinapanda mpaka mbingu inakuwa kama utepe. Pazuri. Sikufichi, ni pazuri, mawe yamelainika kama mtu kayapaka samli, na kuna ubaridi. Nilielewa kwa nini alipenda. Rehema akaniambia kwamba wenzake wawili wa kazini aliotoka nao siku ile walikuwa wamebaki nyuma wanapiga picha, wakasikia kishindo kama lori linashuka, wakaparamia mawe. Shabani alikuwa mbele. Nikamuuliza, "Hakusikia?" Akainama kufunga kamba ya kiatu. Nikamwambia, "Sema, nimetoka mbali." Akasema, "Alikuwa anaongea, mama. Alikuwa anawasimulia kisa huku anatembea, hajageuka nyuma."

Kisa gani, hata wenzake hawakumbuki. Mimi ningependa kukijua.

Nikainua macho. Juu, Baba Shabani, juu kabisa, kupita paa la msikiti wetu, kuna gogo limelala katikati ya kuta mbili, limebanwa. Gogo la mti mzima, mizizi imechanika. Huko hakuna mti hata wa kiberiti. Nikamwambia Rehema, "Muulize, hilo nani kalipandisha?" Mzee akajibu neno moja. Rehema akasema, "Maji."

Nililitazama lile gogo. Nadhani tulikaa pale muda mrefu, kwa sababu yule mzee alimnong'oneza Rehema kitu, na Rehema akaniuliza, "Anasema umenyamaza, unaumwa?" Maana tangu tutoke mjini alikuwa hajasikia nimefunga mdomo. Nikasema, "Mwambie siumwi. Mwambie nimeshaona."

Wakati wa kutoka niliinama nikachota mchanga kwenye pindo la kanga. Rehema akasema hifadhini hairuhusiwi kuchukua hata jiwe, lakini yule mzee kwa huruma yake akageuka akatazama milima kama hajaniona. Nilitembea nao kidogo. Halafu nikaumwaga. Si kwa kuogopa sheria. Nilijiuliza, huu nauleta Bungu uwe nini? Mchanga uliommeza mtoto wangu niutengee nafasi nyumbani kwangu? Nikakung'uta kanga mpaka ikawa safi.

Sasa neno langu ndilo hili, na Zuhura alisome mara mbili. Zikeni mgomba.

Msinisubiri. Safari yangu ya kurudi bado, kuna makaratasi hotelini yanahitaji dole gumba langu, na hata ningekuwa narudi kesho ningesema hivi hivi, kwa sababu najijua, nikimkuta Athumani na panga nitakwenda kulikumbatia shina tena, na safari hii hakuna atakayecheka. Fanyeni mimi nikiwa mbali. Shehe akisema haimo kitabuni, usibishane naye, mwombe amsalie mtoto sala ya ghaibu msikitini, na wazee wafanye yao nyumbani. Shabani atapata zote mbili, kwani kuna ubaya gani?

Mgomba msikate ule wa njiani aliouchagua Athumani, ule ni wa juzi, haumjui mtu. Nyuma ya jiko, lile shina kubwa ambalo mkungu wake tunapenda kuchoma, chini yake ndipo mama yako alipozika kitovu cha Shabani. Katika hilo chukua mmoja ulionyooka. Umshike wewe mwenyewe mkiteremsha kaburini, usimwachie mtu. Na ulie, Baba Shabani. Tangu msiba uingie hujalia, unakohoa tu. Hakuna mtu atakayekuhesabia.

Mama mkwe wangu mpe shikamoo, mwambie Mzigua kaona. Shemeji Athumani mwambie namsalimu na sina kinyongo, panga alinoe vizuri asiukatekate, akate mara moja. Dada yangu Mwanahamisi wa Sindeni apelekewe habari mapema ili awahi, asije akafika watu wameshatawanyika akaanza kunisema mpaka Kabuku. Yeye ashike nafasi yangu kwa wanawake, alie na sauti yangu, anaiweza. Zuhura mwanangu, ukifika hapa meza mate uendelee kumsomea baba. Wewe bado uko, na mimi nakuja kwako.

Nilitaka nikumalizie habari ya yule bibi jirani, maana jana mume kaja na si Jumapili, kabeba maua na... haya, honi hiyo. Rehema ananiita, "Mama Shabani weee! Binti kafika, ndege haisubiri umbea!" Nakuja, nakuja.

Baba Shabani, sanda. Nilikuwa nasahau sanda. Msiikate kwa urefu wa mgomba. Ikateni kwa urefu wake yeye, alikuzidi wewe kichwa kizima, miguu ilikuwa inatokeza nje ya kitanda kila siku nikimfunika. Ikibaki nguo, ikunjeni chini, pale miguuni. Asipate baridi.

Mkeo,
Mama Shabani