Nyuso Zilizokuwa Ukutani

Apple Creek, Ohio
5 Aprili 1994

Kwa Dada Lovina,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua siku ya mazishi ya Mama kimepoa. Sisi hatujambo. Matope bado yanamfika farasi magotini, lakini ng'ombe wanatoa maziwa vizuri, na mke wangu Fannie anakusalimu.

Nakuandikia jambo ambalo ningependa kutoliandika. Jumapili ya wiki ijayo zamu ya ibada ya nyumbani itakuwa hapa, ya kwanza tangu nyumba ya Mama iwe mikononi mwangu. Nilipoondoa ukuta wa mbao kati ya sebule na chumba chake ili mabenchi yaenee, nilikuta kopo kubwa la unga limefichwa nyuma ya ubao. Ndani mna wanasesere wa kitambaa, mmoja kwa kila mtoto wake. Wana nyuso, Lovina. Macho, pua, midomo, vyote vimetariziwa kwa uzi.

Mama yuleyule aliyewafundisha mabinti wa kanisa kuacha uso wa mwanasesere mtupu, kwa kuwa sisi hatujifanyii mfano wa mtu. Mama aliyekataa hata kalenda yenye picha isivuke mlango. Kumbe alitushona na kutuficha ukutani. Nina hasira ambayo siwezi kwenda kuitua kaburini.

Wako nilimjua kwa kidoa chako kando ya mdomo. Askofu atawahi kuja kusaidia kupanga mabenchi, na watoto wa watu hufungua kila kitu. Kwa hiyo nitazifumua nyuso zote, kisha nitakutumia mwanasesere wako akiwa safi, uwe na kumbukumbu isiyo na lawama.

Mdogo wako,
Enos


Wooster
9 Aprili 1994

Mdogo wangu Enos,

Hamjambo wewe na Fannie? Kifua kimepona, nashukuru. Kinachoniuma sasa hakina dawa katika duka hili la dawa ninamofanya kazi.

Usiguse hata mshono mmoja.

Siku ya mazishi mlinitengea meza yangu peke yangu karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa nilibatizwa, nikala kiapo, kisha nikaliacha kanisa nikasome, na aliyetengwa hali meza moja nanyi. Nikakaa. Nilikuja na mkate nilioukanda kwa mikono yangu. Ukaniambia, "Weka hapo mezani, Dada," ukangoja vidole vyangu viondoke ndipo ukauchukua. Hilo nalo nililikubali, kwa maana nimelelewa humo na ninaijua kanuni: mnaruhusiwa kunipa, hamruhusiwi kupokea kutoka mkononi mwangu.

Lakini sikiliza sasa. Tangu nilipokwenda kusoma, Mama hakunijibu barua hata moja. Nilimwandikia nilipofaulu, nilipougua, nilipoajiriwa. Mwishowe nikajiambia kwamba amenifuta, maana ilikuwa rahisi kuishi na hilo kuliko kuendelea kungoja. Leo unaniambia kwamba uso wangu ulikuwa ukutani mwake, na kwa kalamu hiyohiyo unaniambia utaufumua. Hilo ndilo jibu pekee alilowahi kunipa. Umepewa nyumba, mashamba na ng'ombe. Sikudai hata kijiko. Nakudai uso wangu.

Ikiwa unamwogopa askofu, lifukie kopo kwenye samadi ya ng'ombe. Hata awe na bidii vipi, huko hataingiza mkono.

Dada yako,
Lovina


Wooster
20 Aprili 1994

Enos,

Leo siulizi hali ya mtu. Ibada imekwisha, mabenchi yamekwenda kwenye nyumba nyingine, na wewe umenyamaza. Baba alipokasirika alinyamaza hivyohivyo, akatuacha tunyate ndani ya nyumba kama wezi. Sikukimbia ukimya ule ili nije kuupokea tena kutoka kwako. Niandikie ulichofanya.

Lovina


Apple Creek
23 Aprili 1994

Dada Lovina,

Mimi nitakuuliza hali, kwa maana adabu haijafumuliwa. Hujambo? Sisi tu wazima wa mwili.

Barua yako ya kwanza ilifika baada ya kazi kwisha. Nilizifumua nyuso asubuhi ileile niliporudi kutoka posta kukutumia barua, kabla moyo haujanigeuka. Nilifanya bila kutazama sana, kama mtu anayechinja ndama aliyemlea mwenyewe. Fannie alinikuta na sindano, akasema, "Mume wangu, soksi yako hujui kuitia kiraka, leo umekuwa fundi wa kufumua." Tangu hapo hanisemeshi ila kuniambia chakula kiko tayari.

Umeandika kwa hasira, nami ninayo yangu. Ulipoondoka nilikuwa bado napanda juu ya ndoo kufikia shingo ya farasi. Kesho yake ng'ombe wako wa kukamua wakawa wangu. Baba akakataza jina lako mezani, na Mama akawa anaosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Wewe ulikuwa darasani. Nani alikulazimisha kupiga magoti mbele ya kanisa lote na kuapa? Ulisema "ndiyo" kwa mdomo wako, sisi tukailipia. Mama alipozeeka, nani alimbeba kumpeleka bafuni? Kisha unakuja na mkate mmoja, unataka tukuchekee.

Mwanasesere wako yumo ndani ya kifurushi hiki. Ibada ilipita kwa amani.

Enos


Wooster
30 Aprili 1994

Enos,

Salamu kwa Fannie, ambaye naanza kumpenda.

Uliyosema kuhusu ng'ombe na kuhusu kumbeba Mama ni kweli. Lakini hayakukupa ruhusa.

Nilimfungua mwanasesere nikaona kitambaa kitupu, nikamtupa kitini. Nilipomwokota alipita mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya usoni mwake. Umeondoa uzi, hukuondoa matundu ya sindano. Nilimbandika kwenye kioo cha dirisha nikamtazama hadi nikachelewa kazini.

Matundu ni mengi kupita uso mmoja. Pana mdomo mdogo, na juu yake mdomo mpana zaidi. Pana nywele zilizofungwa nyuma, na juu yake nywele fupi. Alikuwa akinifumua na kunishona upya, Enos, kadiri nilivyokua. Na kuzunguka macho pana duara mbili zilizounganishwa kwa mstari juu ya pua. Hiyo ni miwani.

Nilipoondoka kwenu sikuvaa miwani. Nilianza kuivaa baada ya kuajiriwa hapa, na Mama hakuniona tena hadi alipolala jenezani, mimi nikiwa nimesimama juu yake. Sasa nieleze aliiona wapi. Kama hujui, muulize anayejua, na usinyamaze.

Dada yako,
Lovina


Apple Creek
12 Mei 1994

Dada Lovina,

Natumaini u mzima. Mahindi yameshapandwa. Nimechelewa kwa sababu nilirarua barua mbili kabla ya hii.

Nilimuuliza Fannie. Akaifuta mikono, akasema, "Haya, umeuliza. Sasa keti, na usinikatize."

Tangu Fannie akiwa binti wa jirani, kabla sijamwoa, kila alipokwenda mjini na Mama kwa gari la farasi kuuza mayai, Mama hakukaa sokoni. Alikwenda kwenye benchi lililo ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lenu la dawa, akafuma hadi ulipotoka kwenda kula. Siku ya miwani alirudi akicheka: "Fannie, mwanangu kazeeka kabla yangu." Jioni aliingia chumbani na sindano.

Fannie alimwomba avuke barabara. Mama akamwambia, "Nikivuka, Lovina atanipa kitu. Hata kikombe cha maji. Nami nitakipokea mkononi mwake, najijua. Nao watanitenga kama yeye. Enos bado mdogo, nani atakula naye?"

Kwa hiyo ni mimi, Dada. Nilikuwa upande huu wa barabara, nikimshika sketi bila kujua. Na barua zako Baba alizichoma kabla hazijamfikia. Nilikuwa na hasira nawe, kisha na Mama. Sasa ninapokamua, ng'ombe wanahisi mikono yangu na wanakataa kutoa maziwa.

Nilijaribu kuurudisha kwa uzi uso wa mwanasesere wa kaka yetu mkubwa. Ametoka kama kiazi. Ukipenda, nirudishie wako, Fannie amshone kwa kufuata matundu.

Mdogo wako,
Enos


Wooster
16 Mei 1994

Mdogo wangu Enos,

Salamu nyingi kwako na kwa Fannie.

Hapana. Hamtamshona. Abaki na matundu yake, nimtazame dirishani.

Nimekwenda kukaa kwenye benchi lile. Kutoka pale unaona mlango wetu wote, kengele yake, hata rangi ya viatu vya anayetoka. Barabara yenyewe ni nyembamba. Mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Nimekasirika pale hadi mvua ikaninyeshea. Nimemkasirikia Mama kwa kutovuka, Baba kwa moto wake, ninyi nyote kwa kanuni yenu, na nafsi yangu kwa kula chakula cha mchana kwa miaka yote hiyo bila kuinua macho. Hasira hiyo haijakwisha, wala sitaki uniombee ikwishe.

Wewe hukuwa sababu. Ulikuwa mtoto. Lakini sasa si mtoto.

Jumamosi nitakuja na mkate. Nitasimama mlangoni kwako nikiushika kwa mikono miwili, na sitauweka mezani. Najua ninachokuomba na najua watakachokufanya. Usipoupokea mkononi mwangu, nitasimama hadi mkate upoe, kisha nitarudi nao nyumbani, nami sitakuandikia tena.

Utakuwa wa moto. Nitaufunga kwa taulo.

Dada yako,
Lovina