Mgeni Haulizwi Kabla ya Siku Tatu

Mitendeni, Khor Sidra
12 Mfunguo Pili 1341

Kwako Baba Shamsa, mwana wa ami yangu,

Salamu zangu zikukute huko Karachi u mzima, kama sisi tulivyo wazima. Mama yako hajambo, ila magoti. Shamsa hajambo, jino la chini limechomoza na sasa anauma. Nami sijambo, sina ninachokosa ila wewe.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usicheke mistari ikipanda mlima. Mwalimu alinifundisha Kurani na kuandika jina langu, mengine nimejiongezea. Sikutaka karani wa kaka yako ajue ninayokwambia.

Habari zako tulizipata kwa Bu Khalfan mwenye punda. Sisi tuko huku shambani tunachuma tende za kwanza, hatujui la mjini, naye akafika hata punda hajamfunga. Akasema, "Manowari ya Waingereza imesimama mbele ya ngome tangu jana, mizinga inautazama mnara. Wanamtaka Musabbah, yule aliyempiga risasi baharia wao. Sheikh Mattar kawaambia hayupo, hawakumwamini. Basi mdogo wake Ghanim akaapa kwa Mungu kwamba Musabbah hayumo katika nchi yetu. Akasema, nichukueni mimi niwe dhamana mpaka mridhike. Wakamchukua. Anapelekwa Karachi."

Mama yako akauliza, "Wamemfunga?"

"Hapana. Kapanda mashua yao mwenyewe, na kanzu yake safi kama anakwenda harusini."

"Basi huyo ni mwanangu," akasema. Kisha akaingia ndani, akalala na njaa.

Kaka yako ametutumia mtu kusema ni siku arobaini tu, ndivyo nahodha alivyoahidi. Arobaini si nyingi. Hata mzazi hukaa arobaini ndani, akatoka.

Wanakulisha nini? Unalala juu ya nini? Huku tulipata mgeni, lakini hayo si ya barua.

Mkeo,
Mama Shamsa


Karachi
4 Mfunguo Tatu 1341

Kwako Mama Shamsa, binti ami yangu,

Barua yako imenifikia, na mistari yake imepanda mlima na kushuka, nami nimepanda na kushuka nayo mara nne. Nashukuru kwa afya zenu. Mpake mama mafuta ya kondoo magotini, hata akikutukana. Shamsa mwache aume.

Mimi sijambo. Nimepewa chumba chenye dirisha, kitanda, na askari mmoja mlangoni ambaye ana homa kuliko mimi nilivyo na huzuni. Chakula ni wali na dengu. Chai wanaitia maziwa mpaka nadhani nitaota pembe. Samaki wao usiniulize.

Kila Jumatatu huja mkubwa wao na tarjumani. Ananiuliza, "Musabbah yuko wapi?" Namjibu, "Kwetu hayuko." Anaandika. Jumatatu ya pili, vilevile. Juzi nikamwambia, "Bwana, ungechonga muhuri wa jibu langu ungepumzika mkono." Tarjumani hakuthubutu kutafsiri.

Watu hawa wanapenda karatasi, Wadima. Babu yetu alitia muhuri karatasi moja ili bahari iwe na amani, baba akatia ya pili, kaka Mattar ya tatu, na kila karatasi ina mimba ya nyingine. Nami nimeitia mkono karatasi yangu.

Lakini nalala usingizi wangu wote, kwa sababu kiapo changu ni safi. Kabla ya kufungua mdomo nilikwenda nyumba kwa nyumba mji mzima nikiuliza. Mitendeni tu sikuuliza, maana huko yuko nani? Wewe, mama, na mbuzi.

Nibusie mtoto utosini.

Mwana wa ami yako,
Ghanim


Mitendeni
27 Mfunguo Tatu 1341

Kwako Baba Shamsa,

Salamu, na baada ya salamu ni mkono wa Idi iliyopita bila wewe. Tu wazima. Shamsa anakaa peke yake sasa, kisha anaanguka ubavu na kututazama kama sisi ndio tuliomwangusha.

Siku arobaini zimekwisha na zimezidi. Nilimpelekea kaka yako mtu. Jibu lake: "Mwambieni atulie, Waingereza hawana haraka." Mimi ninayo.

Ghanim, barua yako niliisoma nikafurahi mpaka nilipofika pale penye kiapo. Tangu hapo chakula hakipiti. Nitakwambia, na ukishanisikia nihukumu utakavyo.

Siku ile manowari haijafika, adhuhuri, nakanda unga. Akaingia mtu, midomo imepasuka kwa jua, miguu damu. Kabla sijasimama akashika ncha ya shela yangu, akaipiga fundo, akasema, "Dada, nimeingia usoni pako, nipe hifadhi." Nikasema, "Umeingia. Karibu." Ningesema nini jingine? Wewe ungesema nini?

Mama yako akaleta tende na kahawa. Mimi nilitaka kumwuliza jina. Mama akanikata jicho: "Toka lini mgeni akaulizwa kabla siku tatu hazijatimia? Au ndivyo mlivyofundishwa kwenu?" Na kwetu na kwake ni nyumba moja, baba yangu ni shemeji yake. Tukacheka. Mgeni naye akacheka, na midomo ikamtoka damu.

Basi tukamlaza upande wa mbuzi, tukamlisha, hatukumwuliza. Siku ya tatu alasiri alimaliza kahawa, akatikisa kikombe kwamba imetosha, akasema, "Haki yenu imetimia. Mimi ni Musabbah bin Rahma." Hajakiweka kikombe chini, tukasikia sauti ya Bu Khalfan nje na habari zako.

Alitaka kutoka ajitoe. Mama yako alisimama mlangoni na magoti yale yale. "Keti. Mwanangu amepanda mashua kwa neno lake, nawe umeingia hapa kwa neno letu. Nyumba moja haili maneno yake mawili." Akaketi. Mpaka leo yuko nasi, anapanda mitende, anatusaidia kuchuma.

Uliapa uwongo, Ghanim, nawe hukujua, na aliyekuapisha uwongo ni mimi. Ningemwuliza jina lake siku ya kwanza, ungejua. Niambie nifanye nini.

Mama Shamsa


Karachi
16 Mfunguo Nne 1342

Kwako Wadima, mama wa mwanangu,

Salamu ziwafikie nyote wanne. Ndiyo, wanne, nimemhesabu na mgeni.

Barua yako imenikalisha kitako siku mbili. Sikukasirika. Nilikuwa nakutazama tu, pale, na unga mikononi. Kama ungemwuliza jina siku ya kwanza, ningerudi nyumbani nikamkuta mwanamke nisiyemjua. Umefanya yaliyo yetu. Niliapa kwa nilichokijua, na Mungu anajua nilichokijua.

Sasa nisikilize kuliko ulivyopata kunisikiliza. Musabbah mpe mjomba Ubaidi ampeleke milimani, mpaka kwa watu wake, asimtupe njiani. Kisha nyamazeni. Wewe, mama, mjomba, hata mbuzi. Kaka Mattar asijue.

Ile karatasi niliyotia mkono, nimemwomba tarjumani anisomee yote, maana kule melini waliisoma mbiombio. Inasema hivi: nikiapa Musabbah hayumo, na ikaonekana alikuwamo, basi dhamana imevunjika, nami nitapelekwa visiwani, mashariki ya Hindi, kwa miaka watakayopenda wao. Haisemi "akijua." Nilimwuliza, "Kama sikujua?" Akaitazama tena karatasi, akasema, "Bwana Ghanim, hapa hakuna mahali pa kutojua."

Wasipopata kitu watachoka. Tarjumani anasema mwishoni mwa mwaka huu wao wataniacha. Ni miezi minne. Kwa hiyo, nahodha akija, hujui. Hujapata kumwona mtu. Najua ulimi wako haujazoea. Uzoeshe kwa ajili yangu.

Shamsa mfundishe kuanguka upande wa mkeka.

Mwana wa ami yako,
Ghanim


Khor Sidra, mjini
20 Mfunguo Nne 1342

Kwako Baba Shamsa,

Salamu za leo zina furaha, sijui nianzie wapi. Tu wazima, mama amepona magoti kwa mafuta ya kondoo, na alinitukana kama ulivyosema.

Barua yako haijafika. Upepo wa kaskazini umevuma siku kumi na meli ya barua imetupita bila kutia nanga. Lakini usijali, tumefanya wenyewe, na nadhani tumefanya vizuri.

Wapiga mbizi wa lulu wanakaribia kurudi, na wakirudi macho yatakuwa mengi. Kwa hiyo mjomba Ubaidi alimchukua Musabbah, siku tisa sasa, akamfikisha milimani mikononi mwa kaka zake. Mbele yao Musabbah alifungua fundo la shela kwa mkono wake, mjomba alikuwa amekwenda nayo. Haki ya mgeni imekwisha, hatuna deni naye.

Ndipo manowari ikaja juzi kuuliza tena. Nikafikiri: kwetu mdhamini huachiliwa mwenye jambo akisimama. Hata watoto wanajua hilo. Anayesema "ni mimi" humtoa mwenzake. Nikamwambia mama, "Nakwenda kusimama." Akanitazama sana, akasema, "Nenda. Kweli haijamzamisha mtu." Akanivika shela yake mwenyewe.

Kaka yako alinizuia mlangoni pa baraza. "Wewe rudi kwa mtoto. Haya ni mambo ya serikali mbili."

Nikamwambia, "Serikali zote mbili zimeshindwa kunirudishia mume, shemeji. Niache nijaribu mimi."

Wazee wakacheka, naye ikabidi anipishe.

Nahodha ni kijana, pua imeungua jua. Nilimweleza yote kupitia tarjumani: mtu aliingia kwangu, sikujua ni nani, mume wangu hakujua lolote, na aliyemtoa nchini ni mimi. "Kama kuna wa kuchukuliwa," nikasema, "nichukueni mimi na mtoto wangu, maana bado ananyonya." Akauliza mara mbili tarehe mgeni aliyoingia. Akaandika, ukurasa mzima na zaidi. Tarjumani akanionyesha chini ya karatasi, "Weka kidole hapa."

Nikamwambia, "Kidole ni cha asiyejua. Nipe kalamu."

Ghanim, nimeandika jina langu mbele ya Mwingereza, herufi zote, na mstari haukupanda mlima. Nahodha akasimama, akainamisha kichwa. Akampa Shamsa biskuti.

Hakunichukua. Nilipouliza, "Mume wangu anarudi lini?" akasema karatasi itakwenda Karachi kwa meli hiyohiyo, na wakubwa wataamua upesi. Upesi, ndivyo alivyosema. Nimetandika chumba chetu cha juu, chenye upepo. Mama anasaga kahawa kila asubuhi akisema huenda ni leo.

Njoo na njaa.

Mama Shamsa


Karachi
11 Mfunguo Tano 1342

Kwako binti ami yangu mpenzi,

Salamu ziwe juu yako na juu ya mama na juu ya mtoto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako imefika pamoja na meli ya nahodha, na maneno yako nimesomewa hapa chumbani kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Kwa lugha zote mbili yalikuwa mazuri. Nilimwomba mkubwa wao anionyeshe ile karatasi. Nimeliona jina lako. Ni kweli, mstari haukupanda mlima.

Wadima, wananihamisha. Tunaondoka kesho kutwa kwenda visiwani, mashariki. Ni jambo la serikali yao tu, wanahamisha watu wote waliomo katika nyumba hii, maana wanaitaka kwa kazi nyingine. Halina uhusiano wowote na nyumba yetu wala na uliyoyasema. Ulichosema kimenisaidia. Mkubwa mwenyewe alinipa mkono.

Kuna barua nilikuandikia kabla ya hii. Pengine upepo umeichelewesha. Ikifika, usihangaike kuisoma, ichome. Niliandika ndani yake mambo ya karatasi ambayo nilikuwa sijayaelewa vizuri. Tarjumani amenieleza upya, na sivyo.

Miaka sijaambiwa. Huko, nasikia, kuna miti mingi na mvua nyingi, na barua zinachelewa. Mwambie mama nimeondoka na kanzu safi. Mtoto usimwachishe ziwa mapema kwa ajili ya maneno ya watu.

Usimwache mtu yeyote, hata kaka Mattar, akwambie kwamba ulikosea kusimama.

Mwana wa ami yako, popote alipo,
Ghanim


Khor Sidra
3 Mfunguo Sita 1342

Kwako Baba Shamsa,

Salamu nyingi, na tarjumani wa Karachi atajua pa kuzipeleka. Tu wazima. Mama amerudiwa na magoti. Shamsa anatambaa, na jana alijishikilia mlango akasimama, akasahau jinsi ya kuketi; namfundisha kuanguka upande wa mkeka.

Barua zako zimefika zote mbili kwa meli moja. Ya kuondoka kwako nimeisoma. Ile ya kwanza nimeichoma jikoni, kama ulivyotaka. Sikuifungua. Mama ni shahidi, alikuwa amekaa hapo hapo, aulizwe.

Nimefurahi kwamba niliyosema yalikusaidia. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mimi, nakula, nalala. Watu wa mji wananiamkia kwa heshima. Kaka yako akiniona huinama akapita.

Chumba cha juu bado kimetandikwa. Baridi imeanza, lakini sijakitandua.

Nimemwuliza kila mwanamaji aliyerudi, hakuna anayekijua kisiwa chako. Mmoja kaelekeza huku, mwingine kule. Ukifika niandikie ni upande gani wa jua, walau nijue, nikisema na wewe, nigeuke wapi.

Mkeo,
Mama Shamsa