Madoa ya Muhogo wa Kavira

Bunia, Jumatatu

Mdogo wangu Masika,

Amani ya Bwana ikukute huko Butembo. Je, goti limepata nafuu? Sisi huku tumeamka salama, na kwa hilo tunashukuru, maana kwa vita hivi si kila mtu wa Bunia anayeamka kwake.

Najua unachongoja. Mume wako anasema mkamwana wenu Kavira ana mkono mbaya, kwamba miti ya muhogo aliyoitoa kwao Beni ndiyo iliyoleta madoa shambani, na Jumapili arudishwe kwa wazazi.

Asante kwa majani yenye madoa uliyonitumia. Yale ya kwanza hayakufika kazini. Uliyaosha vizuri, ukayafunga kwa kamba ya mgomba kama mboga ya kumpelekea kaka. Niliporudi, mke wangu alikuwa amekwisha kuyatwanga na kuyapika sombe.

“Muzee, sombe ya Masika iko muzuri, lakini kidogo sana!”

“Mama, ile haikuwa mboga. Ilikuwa mugonjwa!”

“Basi tutamukula mugonjwa na bugali. Ikala kwa meza, inapoa.”

Ya pili, uliyoyabana makavu ndani ya kalenda ya parokia, yamefika vyema. Niliyapeleka kwenye nyumba ya majani makavu ninakosaidia tangu nilipoacha ualimu. Huko kila jani limegandishwa kwenye karatasi, na chini pameandikwa jina la mmea, mahali ulipochumwa, mwaka, na ugonjwa kama upo. Tukapata jani la muhogo lililochumwa milimani kwetu huko Butembo, wakati wa Wabelgiji. Niliweka lako kando yake, chini ya kioo cha kukuzia. Madoa yaleyale: kahawia katikati, ukingo mweusi. Ni kuvu, ndugu wa ukungu wa mkate. Mbegu zake ni kama vumbi. Upepo na mvua huzirusha jani kwa jani. Hushika zaidi majani makuukuu ya chini, lakini mihogo ardhini hukomaa.

Jani lile lilikaushwa kabla mama yake Kavira hajazaliwa. Ugonjwa ulikuwa kwetu zamani. Asante, Masika, kwa kuniuliza kwanza, wengi wangenyamaza. Msing'oe shamba. Okoteni majani yaliyoanguka, myachome, na msimu ujao mpande kwa nafasi, upepo upite.

Barua hii isomwe mbele ya wote. Salamu zangu zimfikie mume wako, shemeji ninayemheshimu, na mama mkwe wako, na watoto. Desturi yetu ni kuanza na wakubwa. Safari hii mimi, kaka mkubwa, naomba uanze na Kavira, kwa jina lake, akiwa ameketi sebuleni pamoja nanyi, si jikoni.

Kaka yako akupendaye,
Mwalimu Kambale